Vidole Vilivyobaki Pichani

Watu wakisimulia habari za majini hupenda kuanza usiku: bundi analia, mbwa wanabweka, taa inazimika. Hii haikuanza usiku. Ilianza saa nne asubuhi, jua linachoma mabati ya Busia, malori yamepanga foleni kungoja kuvuka, na mimi Mama Bridgit niko mlangoni kwangu natundika mitumba. Kwa hiyo asije mtu akaniambia eti nilikuwa naota. Na nikisimulia kwa hasira mnisamehe, maana habari hii kila nikiigusa damu inanichemka.

Jirani yangu mlango wa pili anaitwa Nanjala. Kwake ni upande wa Kenya, lakini duka lake la kuchapa liko huku Uganda, chumba kimoja chenye kompyuta, printa, mashine ya kutoa kopi na kalenda ya kanisa. Kila asubuhi anavuka na mkoba wake, jioni anarudi. Ana mikono myepesi ajabu. Barua ya kazi, mtihani wa shule, mkataba wa shamba, vyote anachapa huku simu iko sikioni. Ila kilichompa jina ni programu za mazishi.

Kwetu siku hizi mtu hazikwi bila programu. Waombolezaji watakula nini haijulikani, lakini karatasi yenye picha ya rangi lazima iwepo. Na ndani yake kuna wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alioa nani, ameacha watoto wangapi. Wasifu huo husomwa kaburini watu wakiwa kimya, na kilichosomwa pale ndicho kinachoshikwa. Usipotajwa siku ile, ukija kesho kusema wewe ni mtoto wa marehemu, utaulizwa, "Mbona hukusomwa?" 

Basi Jumatatu hiyo alikuja Sam, katekista, flashi yake ikining'inia shingoni pamoja na rozari. Alitaka orodha ya watoto wa ubatizo. Nanjala akachapa, akaiita UBATIZO, akaihamishia kwenye flashi, kisha akaifungua flashi kuhakikisha. Hapakuwa na UBATIZO. Palikuwa na faili moja, na mahali pa jina pamejaa visanduku vitupu, mikwaruzo, na alama zilizopinda kama kitu kilichoandikwa kwa msumari.

"Hii nini tena?" Sam akauliza.

"Virusi," Nanjala akasema. "Katekista, flashi yako unaichomeka wapi? Nyinyi watu wa kanisa ndio mnatuletea virusi."

Wakacheka. Nanjala akafuta zile alama, akaandika UBATIZO upya. Herufi zikakaa kidogo, kama mtu anazisoma, kisha moja baada ya nyingine zikageuka kuwa visanduku. Akajaribu tena, zikageuka tena. Ndani ya kompyuta yenyewe jina lilikuwa sawa kabisa. Likiingia kwenye flashi tu, linaharibika.

Sam akakunja pua. "Kuna mtu anajenga hapa nyuma? Nasikia harufu ya saruji mbichi."

Hakuna aliyekuwa akijenga. Nilichungulia mwenyewe.

Kufika Jumatano duka lilikuwa limegeuka soko la matusi. Mwalimu mmoja alikuja na bodaboda kutoka Masafu, jasho linamtoka, kwa sababu alifika shuleni kutoa kopi za mtihani na flashi ikamwonyesha visanduku. Mama mwingine barua yake ya kuomba kazi ilikataa kufunguka mbele ya mkubwa wa ofisi. "Nyabo, umeniharibia!" alipiga kelele. "Hii mimi nasoma namna gani? Hii ni luga ya wachawi!" Nanjala naye si mtu wa kunyamaza, akawajibu kwamba wanunue flashi nzuri waache hizi za kuokota. Alikuwa na mdomo, Nanjala. Lakini mimi nilimwona jinsi anavyojifuta vidole kwenye sketi kila mara, nikamuuliza ana nini.

"Vumbi," akasema. "Dada, kwenye kibodi kunatoka vumbi jeupe. Nafuta, linarudi."

Na kulikuwa na sauti. Printa ikiwa imezimwa, waya wake umelala sakafuni, ndani yake kulisikika kwaru, kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha kwaru, kwaru. Nimeolewa na fundi mjenzi, sauti hiyo naijua. Ni mwiko unaparuza saruji.

Alasiri hiyo Nanjala akamwita Egau, fundi wa kompyuta. Egau ni mtu wa kabila la Wateso, anajiamini kupita kiasi. Aliingia na mkoba wake, akaagiza chai, akaketi.

"Madam, jini haiko kwa kompyuta. Iko virusi tu. Mimi natoa hiyo kitu dakika kumi."

Mvua ilianza kunyesha. Nami nikaingiza nguo zangu, nikasimama mlangoni kwao kumtazama anavyofanya kazi. Egau akasafisha kompyuta yote, akazifuta flashi zote walizoacha watu, tena mara mbili. Kisha akatoa flashi mpya kwenye pakiti, akaikata pakiti kwa meno mbele yetu, akaichomeka. Akafungua ukurasa mtupu, hakuandika hata neno, akauhifadhi mle. Jina likatokea. Visanduku, mikwaruzo, visanduku, safari hii mstari mzima.

"Sasa naona," akasema polepole, lakini hakuwa anaona kitu.

Akabofya lile faili, na badala ya ukurasa mtupu ikaanza kufunguka picha, kutoka juu kushuka chini kama picha nzito zinavyofunguka, paji la uso, macho, mdomo wa mwanamume mwenye shati la kijani, kisha bega lake, na juu ya bega vidole vinne vidogo visivyo na mwenyewe, vimekatwa sawasawa ukingoni mwa picha, na Egau akasema labda ni mtu alisahau picha yake humu, akaifunga, akahamishia mle mtihani wa yule mwalimu wa Masafu, akaufungua, picha ni ileile lakini sasa kuna kiganja kizima na kifundo cha mkono, akahamishia orodha ya Sam, akaifungua, mkono umeingia mpaka kwenye kiwiko, mkono wa mtoto mwenye ushanga mwekundu, na vile vidole havikuwa vimelala begani tena bali vimeng'ang'ania shati mpaka shati limekunjamana, na kwenye spika ndogo za kompyuta, ambazo niliona kwa macho yangu kwamba waya wake umechomolewa, mtu akakohoa.

Chai ya Egau ilimwagika yote. Alikusanya bisibisi zake bila kututazama.

"Madam, mimi nakwenda," akanong'ona. "Hiyo si virusi. Hiyo iko mutu."

Akatoka kwenye mvua bila hata kudai pesa yake, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana Egau namjua.

Nikamgeukia Nanjala. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Unamjua huyo mtu?" nikamuuliza.

"Anaitwa Oboth," akasema kwa sauti ya chini sana. "Ni marehemu. Nilimchapia programu miezi mitatu iliyopita."

Akanieleza, na kadiri alivyonieleza ndivyo nilivyotamani kumzaba kofi. Alikuja mtu aliyejiita Othieno, kutoka Kisoko, anataka programu ya mazishi ya kaka yake. Sasa Kisoko na Busia wapi na wapi? Hapo Tororo mjini wachapaji wamejaa tele. Mtu akivuka wachapaji wote hao akaja mpaka mpakani, ana jambo analoficha, hata mtoto angejua. Akatoa flashi yenye picha. Kwenye picha Oboth ameketi kwenye kiti cha plastiki, na pembeni amesimama msichana, mkono wake begani kwa Oboth, wote wawili wanacheka.

"Toa hiyo mutoto," Othieno akasema.

"Ni nani?"

"Mutoto ya jirani. Alipenda picha tu."

Nanjala akaukata upande wa msichana. Vidole vinne vikabaki begani. Akaona kazi ya kuvifuta itamchelewesha, akabandika ua jeupe juu yake. Kisha Othieno akamwambia aandike hivi: Marehemu hakubahatika kupata mtoto.

"Na wewe ukaandika," nikasema.

"Mteja ndiye anayesema, dada. Mimi nachapa tu."

"Mtoto anacheka na baba yake, sura moja kama mapacha, wewe unaambiwa ni wa jirani, unaandika!"

"Si mimi peke yangu! Wachapaji wote wanafanya hivyo!" Akaanza kulia. "Hata yule marehemu Mama Loy wa Masafu, aliyekuwa akiuza mafuta ya taa. Watoto wake walisema nimruke kijana wake wa kwanza, aliyemzaa kabla ya ndoa. Nikamruka. Nikimkatalia mteja, si anaenda duka lingine?"

Nikamuuliza hiyo programu ya Oboth iko wapi humo ndani, aifute yaishe. Akasema haipo. Hapo ndipo nikajua namna yake ya kufanya kazi. Nanjala alikuwa na faili moja tu, linaitwa MAREHEMU. Akifa mtu, analifungua, anafuta jina la maiti wa juzi, anaweka la maiti wa leo, anafuta watoto wa yule, anaweka wa huyu, anachapisha. Anasema ni kuokoa muda. Miaka saba. Watu mia na zaidi, kila mmoja ameandikwa juu ya mwenzake.

Alhamisi tulifunga maduka tukaenda Masinya kwa Anjeline. Msidhani ni kikongwe mwenye usinga na vibuyu. Anjeline ni mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, ana simu mbili, na tulimkuta akianika mihogo huku akimgombeza mtu kwenye simu mojawapo. Watu wanakwenda kwake kwa sababu hadanganyi. Nanjala akamkabidhi ile flashi mpya ya Egau. Anjeline aliishika kidogo tu, akaitupa kwenye mihogo.

"Mnataka nifukuze nini hapa?"

"Jini, mama," Nanjala akajibu.

"Jini wapi?" Anjeline alikasirika kweli. "Jini hufukuzwa. Huyu ana haki yake, na mwenye haki hafukuzwi. Nikimtoa kwenye hicho kidude chako, ataingia kwenye kitanda chako. Ndivyo unavyotaka?"

"Hapana, mama."

"Kila kinachotoka mlangoni kwako kwenda kwa watu atakishika, kwa sababu uongo wake ulitoka kwa mlango huohuo. Tena umewazika watu wengi kwenye shimo moja, mmoja juu ya mwingine. Nani alikufundisha ushenzi huo? Hata mbwa anachimbiwa shimo lake."

Nanjala akalia tena. Anjeline hakumbembeleza.

"Jina ulilolitoa, lirudishe. Si kwenye mashine yako. Pale lilipotolewa, mbele ya masikio yaleyale. Sasa ondokeni, nina kazi."

Hakutaka hata shilingi moja. 

Kesho yake Ijumaa, kabla hatujapanga tutampataje huyo mtoto, alifika mwenyewe. Alikuwa na mama yake, mwanamke mwembamba mwenye macho makavu, anaitwa Harriet. Mkononi ameshika ile programu ya mazishi, imekunjwakunjwa mpaka inachanika. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la duka la Nanjala. Ndilo lililomleta. Msichana alikuwa nyuma yake, wa miaka kama kumi na miwili, na mkononi ana ushanga mwekundu. Nanjala alipouona alishika meza.

"Nyabo, wewe ndiye nachapa hii?" Harriet akauliza. Hakupandisha sauti.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Mutoto wangu anaitwa Patience. Patience Awor. Baba yake ni Oboth. Mimi nataka wewe niambie, nani alisema hana mutoto."

Nanjala akamwambia ukweli wote. Harriet alisikiliza, kisha akaeleza yake, na mpaka leo nikikumbuka nakosa pumzi kwa hasira. Oboth alikuwa fundi wa kujengea makaburi. Eneo lote la Kisoko, kaburi lenye saruji, ujue mikono yake imepita pale. Akimaliza kulainisha kwa mwiko, alichukua msumari kuandika jina, lakini hakuandika kabla hajalitamka kwa sauti na kuwauliza wenye maiti, "Ndiyo huyu?" Wakisema ndiyo, anaandika. Hakuwahi kumruka mtu, awe mtoto wa siku moja, awe mlevi asiye na ndugu. Na yeye alipokufa, mdogo wake Othieno akamwacha kwenye udongo mtupu.

Siku ya mazishi, Patience alikuwa ameshika udongo kiganjani, anangoja zamu yake ya kumtupia baba yake. Wasifu ukasomwa. Hakubahatika kupata mtoto. Watu wakatazamana, lakini karatasi imeshasema, tena kwa rangi. Othieno akamwendea yule mtoto, akamfungua vidole kimoja kimoja, akaumwaga ule udongo chini. "Rudi kwenu," akamwambia.

"Kesho ni lumbe," Harriet akasema, yaani ile siku ya kumaliza matanga, siku ya kumtangaza mrithi. "Othieno nasema yeye ndiye mrithi. Jumapili mimi na huyu tunatoka kwa nyumba. Nyumba Oboth alijenga na mikono yake."

Kwa hiyo mnaona. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Oboth alikaa miezi mitatu akingoja watu wake wajirekebishe, na wiki ya lumbe ilipofika, alichoka kungoja.

 Nanjala aliketi, akafungua ukurasa mpya, mpya kabisa, si lile faili lake la balaa, akaanza kuchapa historia ya Oboth huku Harriet akimtajia.  Ile kwaru kwaru ikaanza ndani ya printa, ikaongezeka kila neno, mpaka akafika kwenye mtoto. Alipoandika Patience Awor, ikanyamaza. Patience mwenyewe alikuwa amesimama karibu na printa muda wote huo, na hakuonekana kuogopa hata kidogo.

Jumamosi tulikwenda Kisoko, Nanjala na mimi. Nilikwenda kwa sababu nilijua akiwa peke yake ataishia njiani. Turubai mbili zimefungwa, sufuria ziko mekoni, wazee wa ukoo wamekaa mbele, na kijana wa muziki ana spika zake mbili kubwa na mashine ndogo aliyochomeka flashi ya nyimbo za kanisa. Othieno alikuwa na suti. Programu zake alizichapisha kwingine safari hii. Harriet na Patience waliwekwa nyuma karibu na masufuria, na wapishi.

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akaanza, "Marehemu Oboth hakuacha mtoto, kwa hiyo ukoo..."

"Aliacha!" Nanjala akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini watu waligeuka. "Mimi ndiye niliyechapa ile karatasi ya mazishi. Niliandika uongo. Nina ukweli hapa, naomba niusome."

"Huyu Mukenya ni nani?" Othieno alisimama. "Toeni hiyo mwanamuke! Yeye ni mulevi!"

"Uliniambia nimkate mtoto kwenye picha," Nanjala akasema. "Nikamkata. Mungu anisamehe, nikamkata."

"Mwongo! Toa yeye!"

Vijana wawili wakamshika mikono. Mimi nilikuwa nimeshavua kiatu, kwa maana kama ni vita, iwe vita. Ndipo ule wimbo uliokuwa ukilia kwa chini ukakatika. Kijana wa muziki akainama kwenye mashine yake, na nilikuwa karibu, nikaona kwenye kile kidirisha chenye mwanga mwekundu, mahali pa jina la wimbo, visanduku vinapita, mikwaruzo, visanduku, vinapita bila mwisho, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akaichomoa flashi kabisa na kuishika juu ili watu waone kwamba si yeye, na bado kwenye spika zote mbili, mchana kweupe, jua liko utosini, kukaanza kwaru, kwaru, kwaru, taratibu, kama mtu asiye na haraka analainisha kazi yake, na harufu ya saruji mbichi ikashuka chini ya turubai ikafunika ile ya nyama na pilau, wanawake wakaanza kuziba pua, mzee mmoja akasimama kofia ikamdondoka, kwa sababu kila mtu wa Kisoko aliijua sauti ile na aliijua harufu ile, walizikiwa baba zao kwa sauti ile, kisha mwiko ukanyamaza, mtu akakohoa kikohozi kikavu cha fundi, na sauti ya kiume, si kali, sauti ya mtu aliyeshika msumari tayari kuandika, ikasema:

"Patience Awor."

Watu wakageuka kutazama masufuria, kule alikokaa mtoto. 

"Ndiyo huyu?"

Wale vijana walikuwa wameshamwachia Nanjala. Othieno alianza kujipangusa viganja kwenye suti. Sauti ikauliza tena, na sasa ilikuwa kali, ilikuwa na hasira ya miezi mitatu:

"Ndiyo huyu?"

Harriet alitoka kwenye masufuria amemshika mtoto mkono. "Ndiyo," akasema. Mzee aliyedondosha kofia akasema, "Ndiyo huyu." Kisha wa pembeni yake, kisha turubai nzima, watu walewale waliotazamana na kunyamaza siku ya mazishi, wakasema ndiyo, ndiyo huyu, wengine wanalia, wengine kwa woga mtupu, na mimi sikuwahurumia hata mmoja. Mngesema siku ile! Midomo ilikuwa wapi?

Nanjala akasoma karatasi yake mwanzo mpaka mwisho. Alipomaliza, Patience alikwenda peke yake mpaka kaburini, akachota udongo, akautupa. Akajipangusa mikono kwenye gauni, akarudi kwa mama yake. Spika zikaendelea na wimbo pale ulipokatikia, ijapokuwa flashi ilikuwa bado mkononi mwa yule kijana.

Wazee waliamua jioni ileile. Nyumba na shamba ni vya Patience, na Harriet ndiye mwangalizi mpaka akue. Othieno hakubisha. Alikuwa akiosha mikono kwenye ndoo, anaosha, anamwaga, anaosha tena. Nilimkuta Tororo sokoni mwezi uliopita, na viganja vyake bado ni vyeupe, vimekauka, vimepasukapasuka. Watu hawampi mkono.

Jumatatu Sam katekista alirudi na flashi yake. Nanjala akahamisha orodha, akaifungua. UBATIZO, herufi zote saba, safi. Tulipiga makofi kama wajinga. Egau akapita, akachungulia kutoka barabarani, akakataa kuingia, tukamcheka. Nanjala alipanguza kibodi, kitambaa kikatoka bila vumbi. Akaniambia sasa atalifuta lile faili la MAREHEMU, kila maiti mpya atampa faili lake mwenyewe.

"Fanya hivyo," nikamwambia, nikarudi kwenye mitumba yangu.

Sikukaa hata robo saa. Kwanza nilidhani ni jiko la mtu. Nikanusa nguo zangu, nikanusa mikono yangu. Nikatazama mlango wa pili na kumwona Nanjala amesimama, mkono mmoja uko kwenye kipanya, hajalifuta lile faili, uso umemkauka. Dukani kwake hakuna taa ya chemli wala jiko. Lakini harufu ilikuwa inatoka humo, nzito, inachoma macho, harufu ya mafuta ya taa.

Kwenye flashi ya Sam, ambayo bado ilikuwa imechomekwa, UBATIZO ilikuwa imeanza kupotea.

Nanjala alinitazama. Nilidhani atakimbia, na kusema kweli mimi nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu. Lakini alivuta kiti cha wateja, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka mbele ya meza kikimwelekea. Kisha akaketi, akafungua ukurasa mpya.

"Karibu, Mama Loy," akasema. "Kaa. Nitajie huyo kijana wako wa kwanza. Na walioko nyuma yako, waambie wangoje foleni."

Kile kiti cha plastiki kikalia, kama kinavyolia mtu mzito akikikalia.